Jina la Rubani Si la Kujazwa na Programu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na ile mada ya hifadhidata, kisha nikanyamaza mwezi mzima kama simu iliyoishiwa chaji. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa hapa hapa Moding nikipigana na mstari mmoja wa programu. Mstari mmoja tu! Umenifanya nisome sheria za usafiri wa anga hadi usiku wa manane, umenikosanisha na mteja, na hadi ninapoandika haya kuna pesa zangu ambazo sijui kama nitaziona.

Kwa wasiokujua huku: Moding ni soko letu dogo huku Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, upande huu wa mpaka wa Uganda. Malaba iko karibu, na kila mtu hapa ana ndugu anayeishi kwa malori: dereva, wakala wa forodha, mama wa hoteli, kijana wa bodaboda. Ndege tunaziona zikipita juu tu. Kwa hiyo nilipoambiwa na rafiki niliyesoma naye chuo kikuu kwamba kuna kampuni ndogo ya ndege za kukodi inatafuta mtu wa kuwaandikia programu, nilicheka kwanza. Kisha nikauliza wanalipa kiasi gani. Kisha nikaacha kucheka.

Jina la kampuni silitaji, na ukinipigia simu sitakuambia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila ndege inaposafiri chini ya utaratibu wa vyombo, lazima mpango wa safari utolewe kwa waongoza ndege kabla ya kuruka. Kampuni ilikuwa ikijaza mipango hiyo kwa mkono, fomu baada ya fomu, na makosa yalikuwa mengi. Walitaka programu ambayo dada wa ofisini atachagua ndege, atachagua njia, atabonyeza kitufe, basi. Kazi safi. Niliimaliza karibu yote kwa wiki tatu.

Halafu likaja ombi la mwisho. Meneja aliniambia nafasi ya jina la rubani iwe imejazwa tayari. Lijazwe jina la mkuu wa marubani wao, kila safari, hata kama siku hiyo ndege itaendeshwa na mtu mwingine.

"Kwa nini, mzee?" nikamuuliza.

"Kwa sababu zamu za marubani zinabadilika asubuhi, kijana. Mpango lazima uende mapema. Huyo jina lake linajulikana na ana vyeti vyote. Ni jina la kujaza nafasi tu."

Ni jina la kujaza nafasi tu! Hapo ndipo mwezi wangu ulipopotelea.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo kwa wale ambao ndege kwao ni kitu cha kupungia mkono. Rubani anaweza kuruka kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa macho: anaona ardhi, anaona mawingu na anayakwepa, anaona ndege nyingine. Ya pili ni kuruka kwa vyombo: anaweza kuwa ndani ya wingu zito haoni hata ncha ya bawa lake, naye anategemea saa na vioo vilivyo mbele yake pamoja na sauti ya mwongoza ndege redioni. Hii ya pili inahitaji mafunzo ya ziada na kibali maalumu kwenye leseni. Mwenye leseni ya kawaida ya kuruka kwa macho haruhusiwi kuongoza safari ya vyombo. Si suala la heshima. Ndani ya wingu sikio la ndani humdanganya binadamu: ndege inainama nawe unahisi umekaa sawa kabisa.

Sasa tuitazame fomu yenyewe, kwa sababu sisi watu wa programu tunapenda fomu. Muundo wake umewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na unafanana Nairobi, Entebbe na Tokyo. Sehemu ya 7 ni utambulisho wa ndege. Sehemu ya 8 ni herufi moja inayosema utaratibu wa safari: I kwa vyombo, V kwa macho, Y ukianza kwa vyombo kisha ukabadili kwenda macho, Z ukianza kwa macho kisha ukaingia kwenye vyombo. Sehemu ya 13 ni kiwanja unachotoka na saa. Hapo huandikwa misimbo ya herufi nne: HKJK ni Jomo Kenyatta, HKNW ni Wilson, HKKI ni Kisumu, HUEN ni Entebbe. Kiwanja kisicho na msimbo huandikwa ZZZZ na maelezo yake huwekwa sehemu ya 18. Ya 15 ni mwendo, kimo na njia. Ya 16 ni uendako na kiwanja cha akiba.

Halafu kuna sehemu ya 19, na hapa naomba unisikilize. Sehemu hii huandikwa mafuta yanatosha saa ngapi, watu wako wangapi ndani, ndege ina rangi gani, ina redio gani za dharura, ina maboya ya kuokolea au haina. Na mwishoni, baada ya herufi C na mkwaju, huandikwa jina la rubani kiongozi. Kwa kawaida habari za sehemu hii hazitumwi kwa kila kituo njiani. Hubaki zimehifadhiwa. Huulizwa siku ndege isipofika.

Umeelewa, msomaji? Ile nafasi niliyoambiwa ni ya kujaza tu husomwa siku watu wanapotafutwa msituni.

Na chini kabisa ya fomu kuna nafasi nyingine, ndogo, iliyo peke yake: mpango umewasilishwa na nani. Nilipoiona nilisimama. Waliobuni fomu hii walijua tangu mwanzo kwamba anayejaza na anayewajibika wanaweza kuwa watu wawili tofauti, wakampa kila mmoja nafasi yake. Ni watengeneza programu wangapi wanaokumbuka hilo? Sisi huweka safu moja kwenye jedwali, tunaiita mtumiaji, tunalala.

Basi nikaanza kusoma sheria. Sikusoma sheria chuoni, nilisoma sayansi ya tarakilishi, lakini kanuni hizi zimeandikwa kwa lugha iliyonyooka kuliko miongozo mingi ya programu. Mzizi wake ni Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944 na viambatisho vyake. Kiambatisho cha 2, kile cha kanuni za angani, kinasema rubani kiongozi ndiye anayewajibika kwa uendeshaji wa ndege kufuatana na kanuni, awe ameshika usukani yeye mwenyewe au hajaushika. Anaweza kukiuka kanuni pale tu ambapo usalama hauachi njia nyingine. Na neno la mwisho kuhusu ndege, akiwa katika uongozi wake, ni lake. Kiambatisho hicho hicho kinamtaka kabla ya kuondoka ajue habari zote zilizopo zinazohusu safari yake. Kwa safari ya vyombo hilo ni pamoja na kusoma kwa makini hali ya hewa, kupima mafuta, na kuwa na mpango mwingine kama wa kwanza utashindikana.

Kenya imeingiza mfumo huu katika kanuni zake chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013, inayosimamiwa na KCAA. Uganda na Tanzania ziko kwenye mkataba huo huo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuoanisha kanuni za nchi zetu. Kwa hiyo usidhani ukivuka mto Malaba mambo yanageuka.

Rubani kiongozi ni nani basi? Tafsiri ya ICAO ni fupi: ni rubani aliyeteuliwa na mwendeshaji, au na mwenye ndege kama ni ndege binafsi, awe na uongozi na dhamana ya usalama wa safari. Angalia maneno hayo. Halikutajwa neno lolote kuhusu aliyejaza fomu. Halikutajwa jina lililo maarufu zaidi ofisini.

Nikaona niyaandike makosa matatu ambayo watu huyafanya, maana mimi mwenyewe niliyaamini yote matatu wiki ya kwanza.

Kosa la kwanza: aliyetuma mpango ndiye mwenye jukumu. Hapana. Dada wa ofisini akituma, anatuma kwa niaba. Anaweza kuulizwa maswali kama ameandika uongo kwa makusudi, lakini hawi rubani kwa kubonyeza kitufe.

Kosa la pili: aliyeshika usukani ndiye. Hapana tena. Kanuni imesema wazi, ameshika au hajashika.

Kosa la tatu: mwenye cheo kikubwa aliyemo ndani ya ndege ndiye. Hata huyu hapana. Mkuu wa marubani akikaa kiti cha nyuma akisoma gazeti, yeye siku hiyo ni abiria, mradi ameteuliwa mwingine.

Wamarekani wana mfano mzuri wa kuchezea akilini. Marubani wawili wako kwenye ndege ndogo ya Cessna. Wa kushoto ana leseni ya kuruka kwa macho tu. Wa kulia ana kibali cha vyombo. Wa kushoto ndiye mwenye ndege, ndiye aliyejaza mpango wa vyombo, na ameandika jina lake. Wanaingia mawinguni, wa kushoto ndiye anayeendesha. Nani rubani kiongozi? Kanuni ya 91.3 ya Marekani inampa rubani kiongozi jukumu la moja kwa moja na neno la mwisho. Kanuni ya 61.3 inasema hakuna anayeruhusiwa kuwa rubani kiongozi wa safari ya vyombo bila kibali cha vyombo. Kwa hiyo safari hiyo ni halali pale tu ambapo wa kulia amekubali, kabla ya kuingia mawinguni, kwamba uongozi ni wake. Kama hawakukubaliana, na wa kushoto alikuwa akijiona kiongozi, basi karatasi haimwokoi. Jina lake kwenye fomu halimpi kibali asichokuwa nacho. Na hawezi kumgeuza mwenzake kuwa kiongozi baada ya mambo kuharibika.

Sasa geuza mfano huo uuweke kwenye ombi la mteja wangu. Jina kwenye fomu lina kibali. Aliye ndani ya ndege huenda hana. Programu yangu ingekuwa inafunika shimo hilo kila asubuhi, kwa utaratibu mzuri, bila kosa hata moja la tahajia.

Nilimpelekea jambo hili mjomba wangu, ambaye amekuwa wakala wa forodha Malaba tangu sijazaliwa. Nilidhani ataniambia nisijisumbue. Alinywa chai yake polepole, akasema:

"Mwanangu, huku kwetu ukiandika tamko la mzigo wa mtu, umekuwa mwenye mzigo."

Nilidhani ni methali. Kumbe ni sheria! Nenda kasome Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 147. Wakala aliyeidhinishwa anayetenda kwa niaba ya mwenye bidhaa anahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, na anawajibika binafsi kwa ushuru. Kifungu cha 148 kinamrudia mwenye mali: naye anabanwa na matendo na matamko ya wakala wake. Yaani wamefungwa kamba moja wote wawili. Ndiyo maana mawakala wazuri wa Malaba hufungua turubai kabla ya kuandika kilichomo. Wakikosea kwenye mfumo wa forodha, hawana wa kumsukumia.

Angani sheria ilichagua njia nyingine. Ilimchagua mtu mmoja. Na nadhani ninaelewa sababu. Lori likiwa na matatizo ya karatasi pale mpakani linasimama. Foleni inakuwa ndefu, dereva analala chini ya lori, siku mbili zinapita, mambo yanatengenezwa. Ndege haisimami. Mafuta yanaisha, wingu halingoji kikao. Lazima awepo mtu mmoja ambaye neno lake linamaliza ubishi, na huwezi kumpa mtu neno la mwisho bila kumpa jukumu la mwisho.

Ila usidhani wengine wote wanasamehewa. Katika safari za mashirika, Kiambatisho cha 6 kinataka mpango wa uendeshaji wa safari uidhinishwe na kutiwa saini na rubani kiongozi. Pale ambapo kuna ofisa wa safari wa ardhini, naye anatia yake. Marekani, kwa safari za ratiba za ndani, kanuni ya 121.533 inasema rubani kiongozi na ofisa huyo wanashirikiana jukumu la maandalizi ya safari. Jukumu la pamoja lipo. Lisilokuwepo ni jukumu la kitufe.

Hapa nitakupeleka mbali kidogo, New Zealand. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand, safari nambari 901, iligonga mlima Erebus huko Antaktika. Watu 257 walikufa, hakuna aliyepona. Ilikuwa safari ya kutalii: abiria wanatazama barafu, wanarudi nyumbani. Siku kadhaa kabla, marubani walikuwa wameonyeshwa njia inayopita juu ya ghuba pana, tambarare. Njia hiyo ilitokana na kosa la kuchapa tarakimu kwenye tarakilishi ya kampuni, kosa lililokaa humo zaidi ya mwaka mmoja bila kusumbua mtu. Saa chache kabla ya safari, mtu akalisahihisha. Njia mpya ilipita juu ya mlima. Marubani hawakuambiwa. Waliingiza namba walizopewa, wakashuka wakiamini wako juu ya ghuba, na weupe wa mawingu ukaungana na weupe wa barafu.

Ripoti ya kwanza ya mchunguzi mkuu, ya mwaka 1980, ilimlaumu rubani kiongozi kwa kushuka chini bila kuwa na uhakika wa mahali alipo. Tume ya Jaji Peter Mahon mwaka 1981 ilisema chanzo kikuu ni kitendo cha kampuni kubadilisha njia kwenye tarakilishi bila kuwaambia marubani. Watu wamebishana miaka mingi. Tarehe 28 Novemba 2019, baada ya miaka 40, waziri mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi kwa familia kwa niaba ya serikali.

Mimi nilisoma habari hii saa nane usiku, nikafunga tarakilishi, nikatoka nje. Kwa nini? Kwa sababu yule aliyesahihisha namba alifanya kile ambacho mimi hufanya kila wiki. Aliona kosa, akalirekebisha, akaenda zake. Ingekuwa programu yangu, ningeandika kwenye kumbukumbu: nimerekebisha viwianishi. Ningejisifu!

Na sisi tuna yetu hapa. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, safari KQ507, ilianguka kwenye mikoko karibu na Douala, Kamerun, chini ya dakika mbili baada ya kupaa. Watu wote 114 walikufa. Uchunguzi ulionyesha ndege iliruka bila kibali cha mnara, na kwamba rubani kiongozi alitamka amri ya kuwasha mtambo wa kujiendesha, lakini mtambo haukuwaka na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kuinama pole pole kwenye giza. Unaona? Amri ilitolewa, jibu halikuja, na kila mmoja akaendelea kana kwamba limekuja. Mtengeneza programu yeyote anaijua hali hiyo, ila kwetu sisi hugharimu ukurasa uliokwama.

Na karibu zaidi, Busia. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyobeba mawaziri wa serikali mpya ya NARC ilianguka ilipokuwa ikiondoka kwenye uwanja mdogo wa Busia. Ilikuwa ikirudi Nairobi baada ya sherehe. Waziri wa Leba Ahmed Mohamed Khalif na marubani wawili walikufa. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walikuwa miongoni mwa walionusurika. Nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka masimulizi: nyaya za umeme, vishindo, watu kukimbia kuelekea moshi. Na nakumbuka swali ambalo wazee wa hapa nyumbani hawakuacha kuuliza kila ndege ndogo ilipopita: nani alisema iende?

Sisemi mpango wa safari ndio uliosababisha ajali ile. Nasema swali lile ni swali zuri. Nani alisema iende? Lazima liwe na jibu lenye jina la mtu, na jina hilo liwe la mtu aliyejua kwamba anajibu.

Kuna watakaosema, na meneja alisema, kwamba ninakuza jambo. Sheria imeshamtaja rubani kiongozi. Fomu ikikosewa jina, ukweli haubadiliki: aliyeteuliwa ndiye aliyeteuliwa. Programu haiwezi kuhamisha jukumu. Hoja hii ina nguvu, sikatai. Kisheria yuko sahihi nusu. Lakini jukumu ambalo mwenyewe halijui ni jukumu gani? Kijana wa zamu ya asubuhi akikuta mpango umeshatumwa kwa jina la mkubwa wake, kuna sauti ndani yake inayomwambia: mkubwa ameshaangalia hali ya hewa, ameshapima mafuta. Naye mkubwa yuko nyumbani anakunywa uji, akijua kijana ataangalia. Hapo jukumu liko kwa wawili na halipo kwa yeyote. Si kwamba programu imelihamisha. Imeliyeyusha.

Kwa hiyo nilimwandikia meneja barua. Nilimwambia nitamaliza kazi bila malipo ya ziada ikiwa tutakubaliana mambo haya manne:

1. Nafasi ya rubani kiongozi iwe tupu kila mara. Hakuna jina la kujijaza, hata la jana.

2. Dada wa ofisini aandae kila kitu, lakini rubani aliyeteuliwa athibitishe mwenyewe, kwa neno lake la siri, kutoka kwenye simu yake. Dakika moja inatosha. Programu ikatae kutuma mpango wenye herufi I, Y au Z kama kibali cha vyombo cha aliyethibitisha hakipo au kimepitwa na tarehe.

3. Mtu yeyote akibadilisha kitu baada ya uthibitisho, iwe njia, kimo, mafuta au idadi ya watu, uthibitisho ufutike na rubani aonyeshwe kilichobadilika, cha zamani na kipya, kando kwa kando. Hili ni la Erebus.

4. Zamu ikibadilika asubuhi, jina libadilike kwa utaratibu ule ule. Ikiwa muda hautoshi, safari ichelewe. Kwa safari zinazoongozwa, mpango unatakiwa utolewe angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Abiria wakilalamika, wacha walalamike.

Jibu lilichukua siku tisa. Walikubali la kwanza na la tatu. La pili walisema marubani hawapendi kusumbuliwa kwenye simu. La nne walisema mimi sijui biashara. "Wewe andika programu, kijana, mambo ya ndege waachie wenye ndege." Nikajibu kwa heshima kwamba sitakabidhi kazi bila la pili, maana ndilo lote. Tangu hapo kimya. Malipo ya mwisho yalikuwa theluthi ya pesa yote. Mama anauliza kwa nini sinunui mabati niliyoahidi, nami sijui nianzie wapi kumweleza habari za sehemu ya 19.

Nimejiuliza kama mimi ni mjinga. Mtu mwingine ataandika mstari ule kwa dakika tano. Labda ameshauandika. Lakini mjomba aliniambia kitu kingine siku ile, tulipokuwa tukitazama malori yakisogea hatua moja moja kuelekea mpakani. Alisema katika miaka yake yote Malaba, walioharibikiwa hawakuwa wezi peke yao. Wengi walikuwa watu wazuri waliotia saini mzigo ambao hawakuufungua.

Sheria ya anga inasema anayewajibika ni rubani kiongozi, nami nakubaliana nayo kabisa. Ninachosema ni kwamba sisi tunaoandika fomu tuna wajibu wetu mdogo: kuhakikisha mtu huyo ameonekana, ameulizwa, na amejibu ndiyo kwa mkono wake. Basi hilo tu. Yaliyobaki ni yake na wingu.

Kama wewe ni rubani, ofisa wa safari au mwanasheria na umeona nimekosea mahali, nirekebishe bila huruma, nitaandika masahihisho. Na kama wewe ni mtengeneza programu, fungua ile kazi yako ya sasa hivi uangalie ile safu ya mtumiaji. Ni jina la aliyebonyeza, au la atakayeulizwa?

Ile mada ya hifadhidata inakuja. Safari hii naahidi kweli. Stima ikiwepo.